Lugha Mbili, Nyumba Moja: Tulivyolelewa Pwani na Tunavyolea Leo

Leo tunawaandikia kutoka Mapinga, njia ya kwenda Bagamoyo, tulipo na cherehani zetu na vitambaa vyetu.

Juzi aliingia dukani bibi harusi mtarajiwa kupimwa gauni la akdi. Mchumba wake amezaliwa Muscat, wazee wake wana asili ya Unguja. Tukiwa tunampima mabega akauliza jambo lisilohusu nguo kabisa: "Dada, hivi watoto wetu tutawasemesha lugha gani? Baba yao Kiarabu, mimi Kiswahili, na kila mtu ananiambia Kiingereza ndiyo maisha." Tukacheka, tukamwambia azae kwanza. Lakini usiku ule usingizi ulichelewa, kwa sababu swali lake lilikuwa limeshaingia nyumbani kwetu siku nyingi.

Binti yetu ana miaka 7 na anasoma shule ya Kiingereza. Likizo iliyopita mama yetu alikuja kututembelea kutoka Zinga, na kapu lake la nazi na mihogo. Akamwita mjukuu, akamuuliza habari za masomo. Mtoto akamjibu kwa Kiingereza. Hakuwa na ufidhuli. Shuleni kwao ukisikika unasema Kiswahili unavishwa kibao shingoni, na hukivui mpaka umsikie mwenzio naye amekosea. Mtoto alikuwa anakiogopa kibao hata akiwa jikoni kwao! Mama yetu alitabasamu, akanyamaza. Tulitarajia akae wiki nzima. Alikaa siku mbili.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma na kuwauliza wazee: hivi wenzetu wa zamani waliwezaje? Maana pwani yetu haijapata kuwa ya lugha moja.

Kila lugha na mlango wake

Ukitoka Mapinga kuelekea Bagamoyo mjini, kabla hujafika utaikuta njia ya Kaole, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13. Tangu enzi hizo watu wa huku wameishi na wageni wa baharini mbele yao, na Wazaramo, Wakwere na Wadoe nyuma yao. Mtoto wa Bagamoyo wa miaka ya 1800 alikuwa anasikia Kizaramo au Kikwere kwa bibi yake, Kiswahili mtaani, Kiarabu chuoni kwa mwalimu wa Qur'ani, na Kigujarati au Kikachi kwenye duka la Mhindi. Hakuna aliyemwonea huruma kwamba atachanganyikiwa.

Mmoja wa watoto hao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Alisoma elimu ya dini kwa Kiarabu, na mwaka 1900 akaenda Berlin kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa mwaka 1903, kimetokana kwa sehemu kubwa na kalamu yake. Humo mmeelezwa maisha ya mtoto wa pwani tangu kuzaliwa, kupelekwa chuoni, mpaka kuoa na kuolewa. Kiarabu hakikumfukuzia Kiswahili chake, wala Berlin haikukifukuza. Kiswahili ndicho kilichomfikisha huko.

Ng'ambo ya bahari, kwenye jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844 alizaliwa Seyyida Salme binti Said. Baba yake ni Sultani Said bin Sultan, na mama yake alikuwa Mcherkesi aliyeletwa akiwa mtoto. Katika kumbukumbu zake, alizozitoa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza kwamba mbele ya baba yao lugha iliyoruhusiwa ilikuwa Kiarabu tu. Sultani akigeuza mgongo, upande wa wanawake ulivuma Kiswahili, Kituruki, Kiajemi, Kicherkesi, Kinubi na Kihabeshi. Watoto wakapita humo na kukua. Na tusisahau, dada zetu, kwamba wengi wa kina mama wale waliletwa kwa kununuliwa. Lugha yao ilikuwa kitu pekee walichofika nacho.

Tunachokiona katika habari hizi ni kwamba kila lugha ilikuwa na mtu wake na mahali pake. Kiarabu kilikaa kwa baba na mwalimu, Kiswahili jikoni na uani, na lugha ya asili kwa bibi. Mtoto alijua akimwendea nani aseme nini. Hakuambiwa lugha ya mmoja ni aibu mbele ya mwingine.

Mama aliyeshika kalamu

Mabibi harusi wengi wamesikia wasia wa Mwana Kupona binti Mshamu, hata kama hawajausoma. Mama huyu wa Pate mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima, akimuusia juu ya Mola wake, mume wake na watu wa nyumba yake. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wasomi wa pwani wakati huo, lakini maneno aliyochagua ni Kiswahili cha kwao. Kiarabu cha dini alikuwa nacho, na bado jambo zito kuliko yote, wasia wa mama anayekaribia kuondoka, alilisema kwa lugha ambayo binti yake alinyonya nayo.

Tujiulize: sisi wasia wetu tutauacha kwa lugha gani, na mtoto ataelewa?

Lugha inavyopotea

Sasa tuseme na upande wa uchungu, maana historia si sherehe tupu. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa misafara iliyotoka Tabora, Ujiji na Manyema. Wapo watoto waliofika hapa bila mama. Mmoja ni Yahya bin Abdallah, tunayemjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Aliletwa kutoka upande wa Kongo akiwa mtumwa mdogo, akalelewa katika nyumba ya Mwarabu wa Bagamoyo, akasoma, akawa shekhe mkubwa wa twarika ya Qadiriya mpaka alipofariki mwaka 1931. Allah alimpandisha daraja, alhamdulillah. Lakini lugha ya mama yake haikupata wa kuirithi huku. Mtoto akitengwa na mama, hata maneno ya kubembelezewa hutengwa naye.

Halafu wakaja Wajerumani, waliofanya Bagamoyo makao yao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Walikitumia Kiswahili kazini, lakini baadaye wakataka kiandikwe kwa herufi za Kizungu. Bibi aliyejua kumwandikia ndugu yake barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu akageuka kuwa mtu "asiyejua kusoma". Elimu yake ilibaki ileile, ila mlango wa ofisi ulikuwa umebadilishwa kufuli.

Wakati wa Waingereza, mwaka 1930, iliundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na Kiunguja kikawa msingi wa Kiswahili sanifu. Baada ya uhuru, mwaka 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi Tanzania, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Kiswahili kilituunganisha, hilo hatulikani. Mama yetu ni mtoto wa kizazi hicho. Tulimuuliza kwa nini hakutufundisha Kizaramo, naye anakisema vizuri na dada zake mpaka leo. Akatujibu: "Mlikuwa mtachekwa. Sisi tulichekwa, tukaitwa washamba."

Kwa hiyo sisi tulikua bila Kizaramo. Tulipokuwa wali tukaimbiwa nyimbo za ndani, tukazipigia makofi, na maana hatukuijua. Mama alitukinga na kicheko, nasi tukakosa nusu ya maneno yake. Na leo tunalipa maelfu kwa maelfu ya ada ili mtoto wetu asichekwe kwa Kiingereza, huku tukiruhusu Kiswahili kifanywe kama kilivyofanywa Kizaramo. Tofauti ni hii tu: sisi hatukuvishwa kibao.

Habari za Muscat

Kwa yule bibi harusi wetu tumetafuta habari za upande wa ukweni kwake. Mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala, aliwaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Wakarudi wengi waliokuwa Unguja na Pemba, wakiwemo waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1964. Baadhi yao Kiswahili na Kiingereza walikijua kuliko Kiarabu, na wakaonekana wageni katika nchi ya babu zao. Watoto wakasoma shule za Kiarabu. Nyumbani, kina mama na mabibi wakaendelea na Kiswahili: jikoni, harusini, kwenye simu za ndugu wa Zanzibar. Kimeishi Muscat bila shule na bila serikali. Na pale bibi alipofariki na mama akaamua kujibu Kiarabu tu, wajukuu wanaelewa kidogo na hawawezi kujibu.

Ukiangalia vizuri utaona ni habari ileile ya Mtoni na ya Zinga. Lugha ya nyumbani huishi kwa mtu mmoja anayekataa kuiacha.

Sisi tumefanya nini

Dini yetu haitutishi na lugha nyingi. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, tofauti za lugha zetu na rangi zetu zimetajwa kuwa ni katika ishara za Allah. Na Mtume (s.a.w.) alimwagiza kijana Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza kwa muda mfupi, na hakuacha Kiarabu chake. Basi hatukumtoa mtoto kwenye Kiingereza. Tumefanya haya machache:

Kwanza, tumegawa milango kama wazee walivyogawa. Kiingereza ni cha shule na daftari zake. Akivuka kizingiti cha nyumba, ni Kiswahili, na sisi wenyewe tumeacha kumchanganyia maneno ili tuonekane wasomi mbele ya wateja.

Pili, akitoka madrasa tunamuuliza alichosoma maana yake nini kwa Kiswahili. Tuna tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Unguja, iliyokamilika mwaka 1969. Tunaisoma pamoja aya mbili tatu kabla ya kulala. Kiarabu anakihifadhi, na Kiswahili kinamfungulia.

Tatu, tulikwenda shuleni, baba yake na sisi, tukasema kwa adabu kwamba kibao hatukitaki. Tulijibiwa kwamba ndiyo utaratibu. Tumekubaliana na wazazi wengine wanne turudi tena muhula ujao. Mtoto tumemwambia wazi: "Kosa si lako, na Kiswahili si kosa."

Nne, na hili ndilo gumu, tulikwenda Zinga kumuomba radhi mama. Tukamuomba aje kila Jumamosi amsemeshe mjukuu Kizaramo, na sisi tukae hapo hapo tujifunze. Alitutazama kama anayedhani tunamtania. Kisha akauliza: "Na akichekwa?" Tukamjibu, akichekwa atatukuta sisi nasi tunachekwa pamoja naye.

Jumamosi mbili zimepita. Matamshi yetu ni vichekesho, na mtoto anatuzidi. Cherehani inashona kwa uzi wa juu na wa chini, ukikaza mmoja kupita kiasi mshono unakunjamana, kwa hiyo hatuna haraka.

Bibi harusi yetu alirudi kuchukua gauni lake. Tulimwambia hivi: baba aseme Kiarabu chake, wewe sema Kiswahili chako tangu siku ya adhana sikioni, wala usimjibu mtoto kwa lugha ya kuazima kwa kuwa umechoka au umeona haya. Na mama yako asikie sauti ya mjukuu kwenye simu kila wiki. Kiingereza kitamkuta njiani, hakihitaji kusukumwa.

Dada zetu, nanyi mna mabibi majumbani, wa Makunduchi, wa Tumbatu, wa Micheweni, wenye Kiswahili chao ambacho shule haifundishi. Wakae na wajukuu wangali hai. Allah awape umri wenye afya, awarehemu waliotangulia, na atujaalie watoto watakaotuombea dua kwa kila lugha waliyopewa. Amin.

Wabillahi tawfiq.