Umri wa Randa Kuukuu

Neno randa latokana na Kiajemi. Lakini randa za chuma tuzionazo zikiuzwa baada ya kutumika miaka mingi, nyingi zafuata umbo alilolibuni Leonard Bailey wa Marekani, ambaye haki zake za uvumbuzi zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869.

Mnunuzi apimaye umri wa randa ya Stanley hutazama kwanza chapa ya kisu, na hapo ndipo akoseapo. Herufi SW ndani ya moyo ni alama ya miaka ya 1920 na kitu. Lakini kisu hunolewa hata kikaisha, kikatiwa kingine. Heri asome mwili wenyewe. Tarehe zilizosubiwa nyuma ya kiti cha kisu ni za kutolewa haki, wala si za kuundwa randa: iliyoandikwa Aprili 19, 1910, haikuundwa kabla ya siku hiyo, basi. Ni kama muswada ulionakiliwa na waandishi wawili.

Mimi nami niliwahi kuulipia moyo huo ghali. Nilipoisugua kutu nyumbani, nikaona ufa kinywani mwa randa.