Mfanyakazi wa Katanga mbele ya sheria

Wengi wanadhani sheria za kumlinda mfanyakazi zilizaliwa katika ofisi za wakubwa. Historia ya Katanga inatufundisha vingine.

Kompani ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Vijana waliletwa toka mbali kufanya kazi. Magonjwa ya kambini na ajali za machimbo ziliwaua wengi. Ndiyo maana, karibu na mwaka 1928, kompani ilianza kuwapa mapatano ya miaka 3 na kuwaacha wakae na wake zao na watoto. Afya yao ikaangaliwa vema zaidi, lakini haki yao bado. Amri ya 16 Machi 1922 juu ya mapatano ya kazi iliwahusu Weusi peke yao: Mweusi aliyevunja mapatano aliweza kutiwa gerezani. Basi ubaguzi haukuwa desturi mbaya tu. Ulikuwa umeandikwa katika sheria yenyewe.

Desemba 1941, wakati wa vita, bei zilipanda, mishahara ikabaki chini. Wafanyakazi wakagoma. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari wakawapiga bunduki. Makumi ya watu walikufa, kati yao Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake. Baba Mtakatifu Leo XIII alikuwa amekwisha kuandika, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, ya kuwa wafanyakazi wana haki ya kuungana. Miaka 50 ilikuwa imepita! Ruhusa ya kuunda sindika ilikuja mwaka 1946, baada ya damu kumwagika.

Leo Kongo ina Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002. Inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya rangi, kabila, dini, mimba au sindika, nayo inamdai bwana wa kazi alinde afya na usalama. Lakini inamlinda mwenye mapatano ya kazi. Mwaka 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwafunika wachimbaji wa mkono, zaidi ya 30 wakafa. Hao hawakuwa na mapatano na mtu.

Ndugu wapenzi, tunawazika watu hao na kuwafariji wajane wao. Haitoshi. Tuisome sheria hiyo, tuwaeleze Wakristu wetu, na tuwasemee wale ambao haijawafikia.