Shenzi si jina la kuchezea: Mfalme Simba alivyofika Chanika

Mara ya kwanza kuiona The Lion King nilikuwa nimekaa chini kwenye turubai, magoti yangu yakigusa mgongo wa mtoto mwingine, ndani ya banda umiza moja huku kwetu Chanika. Kiingilio shilingi hamsini. Umeme ulikuwa haujafika mtaani, kwa hiyo jenereta lilinguruma nje na mwenye banda alikuwa ameongeza sauti mpaka spika zinakoroma. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Filamu yenyewe ilitoka Marekani Juni 1994, mwaka ule ule ITV ilipoanza kurusha matangazo na sisi wa Bara tukaanza kuzoea kitu kinachoitwa televisheni. Kama ilichukua miaka minane hivi kutoka Hollywood hadi Chanika, siyo mbaya. Barabara yetu ya enzi hizo ilichelewesha mambo makubwa zaidi ya hayo.

Nimesoma makala nyingi kuhusu urithi wa filamu hii. Nyingi zinaanza na tuzo: Oscar mbili, moja ya Hans Zimmer kwa muziki wa filamu, nyingine ya Elton John na Tim Rice kwa wimbo. Kisha zinakuja kwenye jukwaa, maana mwaka 1997 Julie Taymor aliipeleka Broadway na mpaka leo watu wanakata tiketi. Halafu zinamalizia na toleo jipya la 2019 la Jon Favreau. Yote ni kweli. Lakini makala hizo zinaandikwa na watu ambao majina ya wahusika, kwao, ni sauti tamu tu za kigeni. Sisi pale bandani tulikuwa watazamaji wa aina nyingine. Tulikuwa tunajua maana yake.

Na kujua maana kunabadilisha filamu. Chukua Simba. Mtoto wa Marekani anasikia jina la mfalme. Mtoto wa Dar anasikia mnyama anayeitwa Mnyama, na papo hapo anawaza Msimbazi. Klabu ile ilianzishwa 1936, ikaitwa Sunderland kwa miaka mingi, na ikachukua jina la Simba mwaka 1971, yaani zaidi ya miaka ishirini kabla filamu ya Disney haijatoka. Kwa hiyo yule mtoto wa simba alipoinuliwa juu ya mwamba, nusu ya banda ilishangilia na nusu nyingine, ambao ni Yanga, walizomea. Baba yake alipokufa kuna mtu nyuma kabisa alipiga kelele kwamba wamefungwa. Sidhani kama Roger Allers na Rob Minkoff, walioiongoza filamu, waliwahi kuipangia hali ile.

Rafiki ni rafiki, hapo hakuna maneno. Pumbaa, yule ngiri, ni kitenzi kabisa: mtu aliyepumbaa, akili imehama. Tulicheka kabla hajafanya lolote, kwa sababu jina lilishatuambia. Mufasa mpaka leo sijamkuta kwenye kamusi yangu.

Tulikuwa na mkalimani. Wasomaji wa umri wangu mnakumbuka enzi zile, mikanda yenye sauti ya Lufufu ilikuwa imeenea mpaka mikoani. Wa kwetu hakuwa na jina kubwa hivyo. Alikuwa kijana wa mtaani mwenye maikrofoni ya kukwaruza, anakaa kwenye kigoda pembeni ya runinga na kutusimulia kila kinachosemwa, pamoja na mengi ambayo hayakusemwa. Swali lililomshinda siku ile aliulizwa na mtoto wa kike aliyekaa mbele: sungura yuko wapi?

Lilikuwa swali la haki. Katika ngano tulizosimuliwa nyumbani, simba si mfalme wa kuheshimiwa. Ni jitu lenye nguvu na tamaa linalodanganywa na sungura, na fisi ni mlafi na bwege anayebaki na hasara wakati sungura ameshakimbia. Hakuna mwenye haki ya kuzaliwa nayo, mwenye akili ndiye anayeshinda. Filamu ya Disney ilikuwa inatuambia kitu kingine kabisa: kwamba kuna ukoo wa kutawala, kuna mahali pa mwanga, na kuna wengine wanaotakiwa kubaki huko gizani ng'ambo ya mpaka. Mkalimani alijibu kwamba sungura amesafiri. Banda likacheka, tukaendelea.

Kisha wakaja fisi. Watatu, kwenye lile kaburi la tembo. Mmoja anamwita mwenzake kwa jina, na jina lenyewe ni Shenzi.

Tulishtuka kidogo, halafu tukalipuka kicheko. Kwetu hilo ni tusi. Mtoto akimwambia mwenzake mbele ya wakubwa, anakula kofi. Na hapa linasemwa kwenye katuni, kwa sauti, mbele ya watoto, kama vile mtu anaitwa Asha! Mkalimani alinyamaza sekunde moja, kisha akaendelea. Mpaka mwisho wa mkanda yule fisi alimwita Mama Fisi. Kila Shenzi lilipotoka kwenye spika, yeye alilifunika kwa Mama Fisi. Wakati ule nilidhani anaogopa wazazi wetu. Siku hizi nafikiri alikuwa mfasiri mzuri kuliko tulivyomthamini.

Nililibeba jina hilo mpaka nyumbani. Jioni ile ile nikamwita mdogo wangu. Bibi alikuwa anakuna nazi uani. Hakunipiga. Aliacha kukuna, akaniuliza nimelitoa wapi neno hilo. Nikamwambia kwenye mkanda, ni jina la fisi.

"Hilo lilikuwa jina letu sisi," akasema.

Bibi alikuwa Mzaramo wa huku huku. Akanieleza kwamba alipokuwa msichana mdogo alikuwa akifuatana na baba yake kwa miguu, mkaa na mihogo vichwani, kwenda kuuza mjini. Huko kulikuwa na watu wenye nyumba zao nzuri waliokuwa wakiwaita washenzi. Hata aliyenunua alinunua kwa kusema hivyo. Baba yake alikuwa akijibu "naam, bwana", anapokea hela yake, wanarudi. Aliyasema hayo bila hasira, kisha akaendelea na nazi yake. Mimi sikumwita mtu shenzi tena, ingawa sikuelewa vizuri mpaka nilipokuwa mkubwa na kuanza kusoma historia ya pwani.

Historia hiyo kwa ufupi ni hii. Katika miji ya pwani ya karne ya 19 mtu alipimwa kwa uungwana. Muungwana ana ukoo unaotajika, ana dini, anakaa mjini, anavaa vizuri. Mshenzi ni kinyume chake: wa bara, wa porini, asiye na dini. Halikuwa neno la dharau tupu, lilikuwa na kazi. Zama ambazo misafara ilitoka Bagamoyo kwenda bara na kurudi na pembe na watu, kumwita mtu mshenzi kulikuwa ni kumweka kwenye kundi la wanaoweza kutekwa na kuuzwa. Baadaye hata uungwana wenyewe ulianza kupisha neno jingine, ustaarabu, ambalo ukilisikiliza vizuri lina Uarabu ndani yake. Mizani ilibadilika jina, lakini mtu wa bara alibaki upande ule ule.

Wazungu walipofika walilikuta neno likiwa tayari limenolewa. Walowezi wa Kenya waliliingiza kwenye Kiingereza chao wakilitumia kwa kitu chochote duni, hata mbwa tunayemwita koko kwao alikuwa mbwa shenzi. Likakaa pamoja na bwana, safari, simba na mengine ambayo mgeni huondoka nayo akitoka Afrika Mashariki. Ukikisikiliza Kiswahili cha The Lion King, ni mfuko ule ule wa mgeni: simba, rafiki, asante sana, hakuna matata, shenzi. Waandaaji kweli walifika Kenya wakati wa maandalizi, na mandhari ya Hell's Gate ni miongoni mwa yaliyowapa picha za kuchora. Kwa hiyo waliokota maneno kama walivyookota mawe na mibuyu. Sauti kubwa ya Kiafrika inayofungua filamu si ya huku hata kidogo, ni Kizulu cha Lebo M kutoka Afrika Kusini.

Sasa rudi kwenye kile kisa. Fisi wanaishi nje ya mpaka, mahali ambapo mwanga haufiki. Mtoto wa mfalme anakatazwa kwenda huko. Baba mdogo mbaya anapowaruhusu kuingia, nchi inakauka na chakula kinaisha. Kosa lao kubwa ni kuingia. Wahakiki wa Marekani walilalamika tangu mwaka ule wa 1994 kwamba fisi hao, kwa sauti za Whoopi Goldberg na Cheech Marin, walisikika kama watu weusi na Walatino wa mitaa ya maskini. Wao waliliona kwa sauti. Sisi tunaliona kwa jina. Anayetakiwa kubaki nje ya mpaka anaitwa Shenzi, na hiyo ndiyo kazi ambayo neno hilo lilifanya hapa kwa miaka mingi, kuonyesha nani akae wapi. Sisemi Disney walijua. Nasema neno lilijua njia ya kwake, hata baada ya kuvuka bahari.

Kinachonishangaza ni kwamba ugomvi wetu mkubwa na Disney ulikuwa juu ya neno jingine. Mwaka 1994 kampuni iliomba kusajili "Hakuna Matata" kama alama ya biashara ya nguo huko Marekani, na usajili ukakamilika 2003. Mwishoni mwa 2018 Mzimbabwe Shelton Mpala alianzisha ombi mtandaoni kupinga, na makumi ya maelfu ya watu wakatia saini. Tulikasirika sana. Wanasheria walieleza kwamba alama ya namna hiyo haimzuii mtu kusema maneno yake wala kuyaimba, inahusu kuuza fulana. Lakini hasira ilikuwa na msingi. Wakenya waliikumbusha dunia kwamba Them Mushrooms walishaimba maneno hayo katika Jambo Bwana mwaka 1982, na Boney M wakayachukua mwaka uliofuata. Hata hivyo, kwa Mtanzania, "hakuna matata" ni Kiswahili cha hoteli. Mtaani tunasema hamna shida. Tulipigania neno tamu ambalo wengi wetu hatulitumii, na lile chungu ambalo tunalitumia kila siku likapita kimya.

Maana tunalitumia. Na kama si hilo, tuna mdogo wake: mshamba. Mtu wa Chanika akipanda daladala kwenda Kinondoni au Masaki na kuuliza njia mara mbili, ataitwa hivyo kabla hajamaliza swali. Mizani bado ipo. Imesogea tu kutoka pwani na bara kwenda mjini na pembezoni, na sisi wa pembezoni tumebaki upande ule ule aliokuwa baba yake bibi.

Mwaka 2019 filamu ilipotengenezwa upya niliiangalia kwa simu, kwa kuwa banda umiza lile sasa ni duka la vipodozi. Shenzi wa safari hii hachekeshi. Ni kiongozi mwenye akili na chuki yake ya kweli, na sauti yake ni ya Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala. Wale fisi wenzake wa 1994, Banzai na Ed, hawapo tena. Nafasi zao wamepewa wapya wenye majina yanayosikika ya kwetu: Azizi, yaani mpendwa, na Kamari, ambalo nadhani walikusudia mwezi, ila kijana wa Dar akilisikia anawaza mkeka uliochanika. Ina maana kuna mtu alikaa chini na kuyapitia majina ya fisi upya. Mmoja akapewa jina la kumpenda. Shenzi akaachiwa lake.

Juzi watoto wa mdogo wangu, yule yule niliyemwita kwa jina hilo, walikuwa wanaiangalia sebuleni. Wa mwisho ana miaka sita. Fisi walipotokea akanigeukia akauliza yule anaitwa nani. Baba yake akanitazama, nami nikamtazama.

Nikamjibu mtoto kwamba yule ni Mama Fisi. Nikamwambia pia filamu ikiisha asikimbilie nje, aje tukae, kuna hadithi ya mama wa babu yake na safari za mkaa nataka kumsimulia. Akauliza kama humo kuna sungura.