Kompyuta Mpakato na Kushika Wakati Jukwaani

Hapana ala ya muziki isiyohitaji kutengenezwa kabla ya kupigwa. Ngoma iliyolegea kwa umande hupashwa moto mpaka ngozi ikaze. Udi hulinganishwa nyuzi zake. Zumari hutazamwa kama ingali na pumzi njema. Kompyuta mpakato, ambayo tangu mwanzo wa karne ya 21 imekuwa ala ya wanamuziki wengi, nayo ina matengenezo yake, lakini ni ya namna ya peke yake. Ala nyingine hukazwa au huongezewa kitu. Kompyuta aghalabu hupunguziwa. Sababu ya jambo hili haimo katika muziki, bali imo katika asili ya mashine yenyewe.

Mnamo 1957 Max Mathews, mhandisi wa Bell Laboratories huko Marekani, aliandika programu iliyoiwezesha kompyuta ya IBM 704 kutunga sauti kwa hesabu. Kipande cha kwanza, kilichotungwa na Newman Guttman, kilidumu kwa sekunde 17 tu. Sauti hiyo haikutoka papo hapo: mashine ilifanya hesabu zake kwanza, ikaziandika tarakimu katika utepe wa sumaku, na baadaye ndipo tarakimu zilipogeuzwa kuwa sauti. Kuchelewa hakukuwa kosa, kwa maana hapakuwa na hadhira iliyokuwa ikingoja. Kompyuta ilikuwa mwandishi wa muziki, mpigaji bado.

Novemba 1961, katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa pamoja. Siri yake ilikuwa zamu. Mashine ilimhudumia mmoja kwa kitambo kidogo mno, ikamwacha, ikamwendea wa pili, kisha ikarudi, hata kila mtu akadhani kuwa ni yake peke yake. Busara hiyo ya zamu ndiyo iliyokuja kutumika katika kompyuta za mezani na za mpakato, ila badala ya watu wengi wanaogombea mashine, zipo programu nyingi. Kwa karani hiyo ni neema: herufi ikichelewa kuonekana kwa milisekunde 30, hapana atakayejua. Kwa mwanamuziki ni hatari.

Hatari hiyo haikuonekana mara moja. Mwaka 1983 ilitolewa lugha ya MIDI, ambayo kwayo ala za umeme za viwanda mbalimbali ziliweza kusemezana kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde. Na mwaka 1985 ilitoka kompyuta ya Atari ST yenye matundu ya MIDI mwilini mwake. Kazi ya kompyuta wakati huo ilikuwa kuamrisha tu, na ala nyingine ndizo zilizotoa sauti. Mambo yalibadilika pale sauti yenyewe ilipohamia ndani ya mashine. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa ASIO, njia ya kuipitisha sauti baina ya programu na kifaa cha sauti bila kupitia tabaka nyingi za mfumo endeshi. Mwaka 2001 ikatoka programu ya Ableton Live huko Berlin, iliyokusudiwa tangu mwanzo kutumiwa mbele ya watu.

Hapo hesabu ikawa kali. Sauti ya kiwango cha CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde. Kompyuta huziandaa kwa mafungu, na kila fungu hungojea katika ghala dogo liitwalo bafa. Fungu la sampuli 256 humalizika kwa milisekunde 5.8, na kabla halijamalizika sharti fungu jingine liwe tayari. Likikosekana hata mara moja, hadhira husikia mkwaruzo au kimya. Mtu akiongeza fungu hadi sampuli 1,024, mashine hupata nafasi ya kupumua, lakini sauti hufuata kidole kwa milisekunde 23 au zaidi, mfano wa mpigaji anayeisikia ala yake ikilia umbali wa mita 8.

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Matengenezo yote ya kompyuta kabla ya onyesho yamo katika methali hiyo. Wi-Fi na Bluetooth huzimwa, kwa kuwa programu zinazoviendesha vifaa hivyo huweza kuishika prosesa kwa kitambo kirefu kuliko fungu la sauti. Masasisho huahirishwa, na ukaguzi wa virusi husimamishwa mashine ikiwa imekwisha kutengwa na mtandao. Mipango ya kulala na ya kuokoa umeme huondolewa, maana prosesa iliyopunguziwa kasi huchelewa kuamka. Milio ya arifa hunyamazishwa, isije ikatoka katika spika kubwa. Baada ya hayo onyesho zima hupigwa faraghani toka mwanzo hadi mwisho, kwa nyaya zile zile na faili zile zile, na tangu hapo hapabadilishwi kitu. Mwenye tahadhari huwa na nakala katika mashine ya pili.

Umuhimu wa jambo hili waonekana wazi katika singeli ya Dar es Salaam, ambayo sauti yake ilienea ng'ambo kwa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso wa mwaka 2017. Singeli huweza kupita mapigo 200 kwa dakika. Kwa mwendo huo pigo moja ni milisekunde 300, na robo yake ni 75. Mpigaji anayebonyeza vitufe vya kompyuta huku sauti ikimfuata kwa milisekunde 23 amekwisha kupoteza karibu theluthi ya robo hiyo. Umeme nao una mashaka yake. Betri huilinda mashine umeme ukikatika, lakini kompyuta nyingi hujipunguzia nguvu zinapotumia betri. Kwa hiyo hali hiyo pia yafaa ijaribiwe mapema.

Wako wanaosema kuwa mwenye kompyuta hapigi muziki, bali huuangalia tu ukipita. Shutuma hiyo huwa kweli siku mashine inaposhindwa. Mpigaji akikosea, hadhira huweza kumsamehe, na pengine hulipenda kosa lake. Mashine ikikatika, yeye mwenyewe hugeuka mtazamaji, hana la kukosea wala la kupatia. Ndiyo maana historia ya kompyuta kama ala haikukamilika mwaka 1957 ilipotoa sauti, wala mwaka 2001 ilipopata programu ya jukwaani. Hukamilika kila mara mpigaji anapoifungia milango mabwana wengine wote, ili kwa saa moja imtumikie yeye peke yake. Na kesho yake mashine hiyo hiyo hurudi kuandika barua.