Cheo Kinavyomzeesha Nyani

Kwa mkulima wa Kiboko anayelinda mahindi yake karibu na Barabara ya Mombasa, nyani ni mwizi, basi. Ng'ambo ya vilima vya Chyulu, kule Amboseli, nyani wa jamii hiyohiyo wameandikwa habari zao kwa zaidi ya nusu karne.

Watafiti Wamarekani Jeanne na Stuart Altmann walifika huko mwaka 1963. Mwaka 1971 ukaanza utafiti unaoendelea hadi leo: nani kazaliwa, mamaye nani, nani kamshinda nani, nani kafa. Kazi ya kuchosha, lakini bila daftari hizo yanayofuata yasingejulikana.

Daftari hizo zilikuja kukutana na epijenetiki, elimu inayochunguza jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa bila mpangilio wa DNA kubadilika. Baadhi ya kazi hiyo hufanywa na alama ndogo za kemikali, methili, zinazojibandika kwenye DNA. Umri ukisonga, mahali pengine alama huongezeka, pengine hupungua, tena kwa utaratibu. Mwaka 2013 mtafiti Steve Horvath wa Los Angeles alitumia sehemu 353 za DNA kukadiria umri wa binadamu.

Zamu ya nyani ikafika. Kundi la watafiti Jenny Tung na Susan Alberts lilipima methili katika damu ya nyani 245 wa Amboseli, na mwaka 2021 likatoa matokeo. Tayari mwaka 2016 daftari zilikuwa zimeonyesha kwamba jike aliyepatwa utotoni na mikosi mitatu au zaidi, kama ukame au kufiwa na mama, hufa takriban miaka kumi mapema kuliko asiyepatwa na wowote au aliyepatwa na mmoja tu. Ungedhani methili zingeonyesha makovu hayo. Wapi! Waliosomeka wazee kuliko umri wao ni madume wa vyeo vya juu.

Jike hurithi cheo kwa mamaye; dume hukipigania, na akikipata huzaa watoto wengi. Gharama ya cheo hicho, yaani kuzeeka huko, si ya kudumu: madume wachache waliopimwa zaidi ya mara moja walisomeka wazee zaidi wakiwa juu kuliko wakiwa chini.

Siku hizi ng'ambo kuna kampuni zinazomuuzia mtu kipimo cha namna hii, aambiwe damu yake ina miaka mingapi. Mimi ningesita kutoa pesa: kule Amboseli kipimo kilimwona bingwa wa ngumi, kikampita yatima wa ukame ambaye ndiye aliyekuwa na siku chache.