Desturi za Wasuaheli: Kitabu cha Nani?

Neno utandawazi limekuwa kama chumvi, halikosekani katika mchuzi wowote. Ukisikiliza mijadala yetu ya darasani, aghalabu utandawazi huelezwa kama mafuriko: vitu na mawazo yanatoka Ulaya na Marekani, nasi tumekaa bondeni tunangoja kusombwa. Makala hii inakusudia kuipinga picha hiyo kwa kutazama kitabu kimoja na mtu mmoja. Kitabu ni Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Mtu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mwaka 1887 Wajerumani walifungua chuo cha lugha za mashariki mjini Berlin. Walikuwa wanajenga makoloni, na maofisa wao walihitaji Kiswahili. Mtoro, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, mtu mwenye asili ya Kizaramo aliyesomea elimu ya dini Bagamoyo, alifika huko mwaka 1900 kuwafundisha. Carl Velten, mwalimu wa chuo hicho, alikuwa akikusanya maandishi ya Kiswahili. Mtoro na Waswahili wengine wakampa habari, na sehemu kubwa ya kitabu ni kazi ya Mtoro. Lakini kitabu kilipotoka, jina lililotangulia lilikuwa la Velten, mkusanyaji na mhariri.

Sasa basi, tukisomeje? Mwanahistoria atatuambia kwamba serikali ya kikoloni ilitaka kujua habari za ndoa, urithi na utumwa ili ipate kutawala vizuri. Ni kweli, wala hatuna sababu ya kubisha. Ila tukiishia hapo tutakuwa tumemfanya Mtoro karani tu, mtu wa kuandika alichoulizwa akaenda zake.

Hapo ndipo mhakiki wa fasihi anapopaswa kuingia na swali lake la siku zote: nani anasema, na anamwambia nani? Msimulizi wa Desturi anajua kwamba msomaji wake ni mgeni. Anaeleza kuzaliwa kwa mtoto, chuoni, jando, harusi, ngoma na mazishi, mambo ambayo mtu wa Bagamoyo hakuhitaji kuelezwa. Katika kuyaeleza anachagua lipi liitwe desturi na lipi liachwe. Na tazameni jambo hili: mtu wa asili ya Kizaramo anasimama kuwa msemaji wa Waswahili. Kwake Uswahili haukuwa damu. Ulikuwa dini, elimu, mavazi na adabu za mjini, mlango ambao mtu aliweza kuuingia. Kwa hiyo anayekifungua kitabu hiki kutafuta Uswahili safi, ule wa kabla ya kuchanganyika, atatoka mikono mitupu.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka 1901 Velten alikuwa ametoa Safari za Wasuaheli. Humo Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Tumezoea kusoma Mzungu akiieleza Afrika. Hapa Mwafrika ndiye anayewatazama Wazungu kwao na kuwaandika kwa Kiswahili.

Hata hivyo tusije tukapumbazwa na utamu wa neno kuchanganyika. Mwaka 1904 Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alitaka kurudi naye nyumbani, lakini wakuu wa koloni hawakukubali mke mweupe ashuke pwani pamoja na mumewe mweusi. Ikabidi warudi Ujerumani, na Mtoro akaishi huko hadi kufa kwake mwaka 1927. Fikirini jamani! Maneno yake yaliruhusiwa kuvuka bahari yakasomwe na maofisa, lakini yeye mwenyewe na mkewe hawakuruhusiwa kuteremka katika nchi aliyozaliwa. Bahari ilikuwa ile ile, ila haikuwa wazi kwa kila mtu.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo fundisho la kuisoma historia na fasihi kwa pamoja. Kuuliza nini kilichanganyika na nini hakutoshi. Yafaa tuulize pia nani aliruhusiwa kupita, na jina la nani lilibaki juu ya jalada. Mwaka 1981 tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilitaja katika kichwa chake Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Ilichukua karibu miaka 80. Nasi bado katika insha zetu tunaandika "Velten 1903" bila kusita, kisha tunalalamika kwamba utandawazi unatufuta. Basi tuanze sisi wenyewe kuacha kufutana. Mtu akinukuu Desturi, amtaje na Mtoro.