Silinda Namba Tatu: Historia ya Injini Isiyotumia Maji

Mashindano ya magari tunayoyajua leo kama Safari Rally yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha waliibuka washindi wakiwa na Volkswagen, ile ndogo ya mgongo wa mviringo. Gus Hofmann akashinda na gari la aina hiyohiyo mwaka 1957, na Tommy Fjastad mwaka 1962. Injini yake, kama ilivyotoka kiwandani, ilikuwa na nguvu za farasi 30 mwaka 1954, na 34 kuanzia mwaka 1960.

Kwa nguvu hizo halikuwa gari la kushindana mbio kwenye lami. Lakini tope la masika halikuulizia mbio. Uzito wa injini ulikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, hivyo tairi zilipata mahali pa kushika. Tena gari halikuwa na rejeta. Kwenye miinuko ya Bonde la Ufa, ambako magari mengine yalichemsha na madereva wakasimama kusaka maji, Volkswagen haikuwa na maji ya kuchemka.

Uamuzi wa kupoza injini kwa hewa ulifanyika Ujerumani. Ferdinand Porsche alitia saini mkataba wa kubuni gari la bei nafuu mwezi Juni 1934. Utawala wa Hitler ulitaka gari lisilozidi maraki 1,000, na lisiloganda maji wakati wa baridi kali, kwa kuwa wanunuzi waliokusudiwa hawakuwa na mahali pa kulaza gari ndani. Porsche na wenzake walijaribu injini za silinda mbili, zikawashinda. Franz Xaver Reimspiess ndiye aliyechora ile iliyokubalika: silinda nne, mbili zimelala kila upande wa kranki, ukubwa wa cc 985.

Historia hii haistahili kusimuliwa kwa kuruka sehemu yake chungu. Wajerumani wapatao 336,000 waliweka akiba ili wapate gari hilo, na hakuna hata mmoja aliyelipokea kupitia mpango huo. Kiwanda cha gari hilo kiligeuzwa cha vita, na watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi zilizovamiwa wakafanyishwa kazi humo. Injini yenyewe ilipanuliwa hadi cc 1,131, ikawekwa kwenye gari la kijeshi lililopita pia kwenye jangwa la Afrika Kaskazini. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Meja Ivan Hirst wa jeshi la Uingereza alikabidhiwa kiwanda kilichoharibiwa kwa mabomu, akakifufua. Jeshi lake likaagiza magari 20,000.

Kuanzia hapo injini ilikua polepole huku umbo lake likibaki lilelile. Mwaka 1954 ilifikia cc 1,192, mwaka 1965 cc 1,285, mwaka uliofuata cc 1,493, na mwaka 1970 cc 1,584 yenye nguvu za farasi 50. Kasha la kranki lilisubuliwa kwa madini mepesi ya magnesi, na injini nzima ilishikwa kwenye giaboksi kwa nati nne tu. Fundi mzoefu aliishusha chini ya saa moja.

Ubora wa injini hii na maradhi yake vilitoka kwenye chimbuko moja. Gari lisilo na maji lazima lipoozwe na kitu kingine, na hapa kazi iligawanywa kati ya feni moja na lita mbili na nusu za oili. Feni ilizungushwa na mkanda uleule wa dainamo. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya chaji ilimwambia dereva kwamba betri haichaji, na ilimwambia pia kwamba hewa imekoma. Aliyedhani taa ile ni ya betri pekee, akaendelea na safari hadi mji wa mbele, aliunguza injini.

Ugonjwa uliojulikana zaidi ulikuwa wa silinda namba tatu, ile ya mbele upande wa kushoto. Kwa miaka mingi kipozea oili kilisimama ndani ya kasha la feni, juu ya silinda hiyo. Hewa ilipita kwanza kwenye oili ya moto, ndipo ikaifikia namba tatu, tayari ikiwa na joto. Valvu yake ya kutolea moshi ilifanya kazi kwenye joto kubwa kuliko wenzake wote. Chuma chake kikarefuka kidogo kidogo, na nafasi ya tapeti, ambayo ni kati ya milimita 0.10 na 0.15, ikaisha. Valvu isiyofunga vizuri haina mahali pa kupunguzia joto, nayo huungua. Mbaya zaidi ni pale kichwa chake kilipokatika na kuangukia pistoni: injini ilikufa papo hapo.

Dawa ilikuwa kuseti tapeti mapema na mara kwa mara, injini ikiwa ya baridi kabisa. Kazi hiyo haikuhitaji mtambo, ilihitaji fila geji, bisibisi, spana na uvumilivu wa kusubiri asubuhi. Nawaheshimu sana mafundi walioielewa kanuni hiyo, kwa sababu magari yao ndiyo yaliyodumu.

Kiwanda kilikubali kasoro hiyo kwa vitendo. Kwa magari ya modeli ya 1971 kipozea kilisogezwa nyuma ya kasha na kupewa njia yake ya hewa. Kwa maoni yangu hatua hiyo ilichelewa, maana injini zilikuwa zimeongezwa nguvu, na joto pamoja nayo, kwa muda mrefu. Nguvu hiyo ilileta tatizo jingine: magnesi ni laini, na stadi za kukazia silinda hedi zilianza kung'oka na uzi wake, hadi zikawekewa bushi za chuma.

Oili nayo haikuwa na filta. Kulikuwa na chujio la wavu pekee, linalozuia vipande vikubwa na kupitisha vumbi laini. Ndiyo maana ilipaswa kumwagwa kila kilomita 5,000. Mwenye gari aliyeahirisha alisaga beringi zake mwenyewe.

Februari 1972 gari hilo lilivuka idadi ya Ford Model T, likiwa limeundwa zaidi ya milioni 15. Filta halisi ya oili na tapeti zinazojirekebisha zenyewe vilikuja Mexico, mapema miaka ya 1990, pamoja na mfumo wa kupuliza petroli badala ya kabureta. Gari la mwisho, namba 21,529,464, lilitoka Puebla tarehe 30 Julai 2003. Brazil iliendelea kuifunga injini hiyo kwenye Kombi, basi dogo la Volkswagen, hadi mwishoni mwa 2005, ndipo sheria za moshi zilipoishinda. Kombi zilizofuata zilipewa injini ya cc 1,390 inayopozwa kwa maji, na rejeta ikawekwa usoni pa gari.